SOMO LA MWEZI: MTOTO WETU AKIULIZA HABARI ZA UISLAMU

Mwezi uliopita tuliahidi somo juu ya zaka na sadaka, lakini tumeliweka kando kwanza. Kuna jambo limetokea katikati yetu, na maneno yake yamekuwa mengi pale kwenye bomba la maji kuliko ndani ya kanisa. Sisi wa kamati ya mafundisho tumeona ni afadhali tuliandike wazi.

Kijana mmoja wa kwaya yetu, jina lake hatulitaji, alikwenda Kasese kutafuta kazi. Alipata kwa mzee mmoja mwenye hoteli ndogo, akawa anakanda unga wa chapati alfajiri na kuosha sahani jioni. Mzee huyo ni Mwislamu. Ramadhani ilipofika, kijana akaona hoteli inafungwa mchana kutwa, na jua likizama watu wanakaa kwenye mkeka, wanafungua kwa tende na uji, na yeye Mkristo anaitwa akae nao. Hakuna aliyemhubiri. Alipougua malaria, mzee alimnunulia dawa wala hakukata siku zake katika mshahara. Basi kijana akaanza kujiuliza. Hawa wanaomba nini mara tano kwa siku? Kwa nini wanaosha miguu kabla ya kuomba? Na mtu akitaka kuingia kwao, anafanyaje?

Swali hilo la mwisho alituletea sisi aliporudi kuwaona wazazi. Tunasema kweli, tulimjibu vibaya. Tulimwambia arudishe joho la kwaya mpaka akili imrudie. Mama yake alilia siku tatu. Huyu mama alikimbia kutoka upande wa Oicha baada ya kaka yake kuuawa porini, na neno lake lilikuwa moja tu: mwanangu atachukuaje dini ya wale waliomuua mjomba wake?

Tukaona aibu, kwa sababu Petro katika waraka wake wa kwanza, 3:15, anataka muumini awe na jibu kwa kila anayeuliza, na jibu hilo litoke kwa upole na heshima. Sisi jibu hatukuwa nalo, na upole pia haukuwepo. Kwa hiyo wawili kati yetu walitumwa kwenda Kasese, na kutoka huko mpaka Bwera, kuuliza wenyewe wanaojua. Waliongea na imamu mmoja na wazee wa msikiti, na mengine tumeyasoma. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

TUANZE NA LILE LINALOUMA

Wengi wetu tulivuka pale Mpondwe, tukalala Bwera usiku wa kwanza bila kujua kesho itakuwaje. Hatuwezi kuzungumza habari za Uislamu katika makazi haya kama vile ADF hawapo. Wenyeji wa Bwera nao wana kilio chao. Mwezi wa 11 mwaka 1996 waasi hao walishambulia Mpondwe na Bwera wakitokea Kongo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale pale Mpondwe, wakachoma bweni na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Waliotekwa upande wa Beni na Ituri na baadaye wakatoroka wamesimulia jinsi walivyolazimishwa kusilimu porini na kupewa majina mapya. Na kiongozi wa miaka mingi wa ADF, Jamil Mukulu, aliyekamatwa Tanzania mwaka 2015 na kurudishwa Uganda kushtakiwa, inasemekana alizaliwa katika nyumba ya Kikristo. Ndiyo maana mzazi akisikia mtoto wake anauliza habari za msikiti, moyo unamdunda.

Lakini tuwe watu wa haki. Kundi hilo lilipoanza katika miaka ya 1990 lilichanganya Waislamu wenye msimamo mkali pamoja na watu wa NALU, waasi wa milimani ambao shida yao haikuwa dini. Na tusisahau aliyeuawa Beni mwenyewe. Tarehe 1 Mei 2021, katika mfungo wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa sala ya jioni. Alikuwa akisema hadharani kwamba mauaji ya ADF si Uislamu. Ndugu zetu waliotoka Beni wanalikumbuka jina hilo, na baadhi yao wanakumbuka pia kwamba Wakristo walimlilia.

Imamu wa Bwera aliwaeleza wajumbe wetu kwamba mtu aliyewekewa panga shingoni akatamka maneno ya shahada hajasilimu, ametamka tu. Alitaja Qurani, sura ya 2 aya ya 256, ambapo kumlazimisha mtu dini kunakataliwa. Basi mama yetu yule, na wengine wenye jeraha kama lake, wajue kwamba mzee wa chapati wa Kasese na watu wa porini si kundi moja. Kuwachanganya ni kama mtu kusema wachungaji wote ni Joseph Kibwetere, yule wa Kanungu, ambako mamia ya waumini waliteketea kwa moto mwaka 2000.

Vilevile tumesikia watu wakisema "Watabligh" wakimaanisha waasi. Jina hilo ni la jumuiya ya mahubiri iliyoanzia India katika miaka ya 1920, na wafuasi wake wengi wanachofanya ni kutembea na mkoba mgongoni, kulala msikitini na kuwahimiza Waislamu wenzao wasali. Kweli kulikuwa na vijana wa Uganda waliotoka katika mikutano ya namna hiyo wakaenda msituni. Lakini ukimwona mtu mwenye ndevu na kanzu fupi sokoni Bwera, usikimbilie kwa askari.

UISLAMU SI MGENI HUKU

Wengine hudhani Uislamu uliletwa Uganda na Idi Amin. Amin alitawala kuanzia 1971 mpaka 1979, na ni kweli kwamba siku zake walikuwepo waliosilimu kwa kutafuta cheo au duka, na kwamba mwaka 1977 alipiga marufuku madhehebu mengi madogo ya Kikristo. Baraza Kuu la Waislamu la Uganda nalo liliundwa wakati wake, mwaka 1972. Lakini dini yenyewe ilitangulia hata ukristo. Wafanyabiashara kutoka pwani, akiwemo Ahmed bin Ibrahim, walifika katika jumba la Kabaka Suuna mwaka 1844. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walikuja 1877, na Wakatoliki 1879.

Mwana wa Suuna, Kabaka Mutesa, alijifunza Qurani na kufunga Ramadhani kwa karibu miaka kumi. Jambo moja lilimshinda, tohara, kwa kuwa desturi ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Vijana Waislamu wa jumba lake wakakataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa, hata kama ni mfalme, na mwaka 1876 makumi yao waliuawa Namugongo. Ndiyo, Namugongo hiyo hiyo tunayoikumbuka kila tarehe 3 Juni kwa ajili ya mashahidi Wakristo wa 1886. Miaka kumi kabla yao, Waislamu walikufa pale kwa imani yao. Tulikuwa hatujui, na tumeona si vizuri kuendelea kutojua.

Huku kwetu magharibi, mwaka 1891 Kapteni Lugard alipopita kwenda kuwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, aliacha baadhi yao katika ngome za Toro, mojawapo ikiwa Fort George pale Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Askari hao walikuwa Waislamu, na ndio mwanzo wa wale tunaowaita Wanubi. Baadaye migodi ya shaba ya Kilembe na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ilivuta watu wa kila kabila na kila dini.

Na sisi wa Kongo tusijifanye hatuhusiki. Uislamu uliingia Maniema pamoja na misafara ya Tippu Tip, na misafara hiyo hiyo, pamoja na uovu wake wa utumwa, ndiyo iliyotuletea lugha hii tunayoandikia somo. Imani, dhambi, sadaka, sala, nabii, malaika, shetani, rehema, hata Injili: maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu. Mkristo wa Kiswahili hawezi kumaliza sala moja bila kuazima kwao.

Leo Waislamu si wachache nchini. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilikuta karibu 14 katika kila watu 100. Idi zote mbili ni sikukuu za taifa. Na nyama tunayonunua buchani, mara nyingi imechinjwa na Mwislamu, sisi tunakula na hatuulizi.

MTU ANAINGIAJE

Hapa ndipo kijana wetu alipouliza, na hapa ndipo uvumi ulikuwa mwingi. Wengine walisema lazima mtu anyweshwe maji ya Qurani, wengine kwamba anatukana msalaba mara tatu, wengine kwamba analipwa pesa. Hakuna hata moja.

Kusilimu ni kutoa shahada. Mtu mwenye akili timamu, kwa hiari yake na kwa nia ya moyo, anakiri kwa kinywa kwamba hakuna apasaye kuabudiwa ila Mungu mmoja tu, na kwamba Muhammad ni mtume wake. Husemwa kwa Kiarabu, kisha kwa lugha anayoielewa, ili asitamke kitu asichokijua. Ni dakika moja tu. Kwao hakuna ubatizo wala kuhani wa kuupokea, na imamu kazi yake ni kumwongoza maneno na kumfundisha. Mashahidi si sharti mbele ya Mungu, walivyotueleza, ila hutafutwa ili watu wajue: siku akitaka kuoa, au siku akifa, asiwepo wa kubisha. Misikiti mingine humwandikia cheti, ambacho humsaidia akitaka kwenda Hija.

Baada ya hapo huoga mwili mzima kwa nia ya kujitakasa, na mafundisho yao yanasema dhambi za nyuma zimefutwa. Kisha inaanza kazi yenyewe, ambayo si ya dakika moja: kujifunza kutawadha, kusali mara tano, kufunga Ramadhani, kutoa zaka kama ana uwezo, kuacha pombe na nguruwe. Wanaofikiri kusilimu ni njia rahisi, wajaribu kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ya maisha yao.

Jina si lazima kubadilishwa, isipokuwa kama lina maana mbaya au la kuabudu kitu kingine. Wengi huchukua jina jipya kwa kupenda. Hapa tuangalie sana sisi wakimbizi: shahada haibadilishi jina lililo kwenye kadi ya familia. Mtu akianza kujiita Ibrahim sokoni na Jean-Pierre kwenye mgao, ajue atakuwa na maelezo ya kutoa siku moja.

Tohara inaleta ubishi hata kwao wenyewe. Wafuasi wa Shafi, ambao ni wengi Afrika Mashariki, wanaiona ni wajibu kwa mwanamume. Wahanafi na Wamaliki wanaiona ni sunna yenye nguvu. Lakini hakuna anayesema asiyetahiriwa hawezi kusilimu. Kwa Wakonzo, na kwa ndugu zao Wanande, swali hili ni dogo, kwa sababu tohara ni desturi yao tangu zamani.

Kuhusu pesa na misaada, tusiwe wepesi kunyooshea wengine kidole. Hapa makazini tunawajua watu waliobatizwa mara tatu, kila mara katika kanisa lililoletewa nguo za mitumba. Imamu alicheka tulipomsimulia hilo, akasema na yeye ana wa kwake.

Jambo lililotugusa zaidi ni hili. Wajumbe wetu walitegemea atafurahi kusikia kuna kijana anataka. Yeye aliuliza kwanza kama mama wa kijana anajua. Akasema akija atamwambia akae, asome, aone watu wakiwa na njaa na hasira pia, si siku za futari tu. Alisema yuko radhi asubiri mwaka kuliko kuharakisha halafu mtu arudi nyuma na kuacha ugomvi katika nyumba mbili.

YANAYOFUATA BAADAYE

Hili la ugomvi ndilo wengi hawaliwazi. Shahada ni maneno machache, lakini inagusa ndoa, urithi na kaburi.

Katika ndoa, sheria yao inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke Mkristo bila yeye kubadili dini. Mwanamke Mwislamu hakubaliwi kuolewa na Mkristo. Ndiyo maana vijana wetu wanaopenda binti wa Kiislamu wanaambiwa wasilimu kwanza. Tunawasihi: mwenye kubadili dini kwa ajili ya msichana tu, amwambie msichana huyo ukweli mapema. Na mume aliyefunga ndoa kanisani kwa sheria ya Uganda asidanganywe kwamba akisilimu anaweza kuongeza mke wa pili. Ndoa hiyo haivunjwi na mtu kubadili dini, inavunjwa na mahakama, na kuoa tena juu yake ni kosa mbele ya sheria.

Katika urithi, mafundisho ya wanazuoni wao wengi ni kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Njia iliyopo ni wasia: Mwislamu anaweza kumwandikia mama yake Mkristo sehemu isiyozidi theluthi moja ya mali. Sisi hatuna mali, mtasema. Lakini wapo wenye mashamba Beni na Rutshuru wanayoyasubiri, na siku ya kurudi ikifika watoto watagawana.

Kuhusu mazishi tumewahi kuona aibu. Mwislamu huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, na huzikwa upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, amelala kwa ubavu wa kulia ameelekea Makka. Sisi tunakesha, tunaimba, tunasubiri ndugu watoke mbali. Maiti akiwa na ndugu wa pande zote mbili na hakusema chochote wakati wa uhai wake, watu hugombania jeneza mbele ya watoto. Basi aliyebadili dini aseme wazi angali hai, mbele ya wazazi na mbele ya kiongozi wa bloki.

Na mtu akisilimu, kisha akataka kurudi kanisani? Vitabu vya zamani vya sheria ya Kiislamu vina hukumu kali kwa anayeacha dini, na hatutaficha hilo. Lakini katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kuwa na dini aitakayo, na haki hiyo inamlinda mkimbizi pia. Asiwepo wa kumpiga anayetoka msikitini, wala wa kumpiga anayetoka kanisani. Tunayasema haya kwa sababu tumesikia baba mmoja wa bloki yetu aliyemfungia binti yake chakula kwa kuvaa mtandio.

PALE TUNAPOACHANA NJIA

Hatukuandika haya ili kusema dini ni zile zile. Waislamu wanamheshimu Yesu, wanamwita nabii Isa, wanaamini alizaliwa na bikira, na Mariamu ana sura yake katika Qurani, ya 19. Lakini wanakataa kwamba ni Mwana wa Mungu, na sura ya 4 aya ya 157 inakataa kwamba alisulubiwa. Kwetu sisi msalaba ukiondolewa, hakuna kanisa linalobaki. Kijana anayependa udugu wa kwenye mkeka lazima afike hapo na achague akiwa macho wazi. Wahubiri wa mihadhara, wanaofuata njia ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, watamfungulia Biblia na kumwonyesha mistari. Je, tumemfundisha kuisoma Biblia hiyo, au tumemfundisha nyimbo tu? Watu wa Beroya katika Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku, na waliyekuwa wakimchunguza ni Paulo mwenyewe.

Kuna neno jingine kijana alituambia, nalo limetuuma. Alipougua Kasese, alituma habari kwa kikundi cha vijana. Hakuna aliyepiga simu.

Sasa habari zake. Tulimrudishia joho na kumwomba radhi mbele ya kwaya. Amerudi kazini Kasese. Hajatoa shahada, wala hajasema hatatoa. Anasoma Injili ya Yohana pamoja na mmoja wetu kwa simu kila Alhamisi usiku, na Ijumaa anamsubiri mzee wake nje ya msikiti na kumlindia viatu. Mama yake alikubali kwenda kumsalimia yule mzee. Walikunywa chai, wakakuta wote wawili wanajua Kinande na Lhukonzo, lugha ambazo karibu ni moja, wakaongea mambo ya bei ya unga. Juu ya mjomba aliyeuawa, mzee alisema pole, akanyamaza, na mama anasema kunyamaza huko kulimfaa kuliko maneno.

Viongozi wa vikundi vya maombi, somo hili mlisome kwa jumuiya mbili, msilimalize siku moja. Waulizeni watu: ni nani hapa aliyewahi kusaidiwa na Mwislamu, na alimshukuruje? Kama mtoto wako angekuuliza kesho kwa nini tunasema Mungu ni mmoja na ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ungemjibu nini bila kumwita mchungaji? Majibu yaandikwe, yaletwe kwa kamati kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Somo la zaka litafuata.